Dawa za kuzuia damu kuganda kwa wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara kutoka kwa wagonjwa na ndugu zao wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani. Ukurasa huu haukupi ruhusa ya kuanza, kuacha wala kubadili dawa bila daktari wako. Unakusaidia kujua cha kumuuliza, na kwa nini kinafaa kuulizwa.

## Mwanzo kabisa

1. Tatizo langu ni la moyo. Mbona napewa dawa ya damu?

Katika tatizo hili, ambalo madaktari huliandika kwa kifupi AF, vyumba vya juu vya moyo havikazi kwa pamoja, vinatetemeka tu. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama, hasa ndani ya kimfuko kidogo kilicho pembeni ya chumba cha juu cha kushoto, na damu iliyotuama huganda. Bonge hilo likichomoka linatupwa kwenye mshipa mkubwa, na mara nyingi linakwenda kuziba mshipa wa ubongo. Hicho ni kiharusi. Kwa wastani AF huongeza hatari ya kiharusi takriban mara 5.

Vidonge vya kupunguza kasi ya moyo, kama bisoprololi au digoksini, vinakuondolea moyo kwenda mbio na kuhema. Havizuii bonge. Ndiyo maana unapewa dawa mbili zenye kazi mbili, na kujisikia vizuri hakukuruhusu kuacha ile ya pili.

2. Mapigo yangu huvurugika siku chache kisha yanatulia. Bado nahitaji dawa?

Mara nyingi ndiyo. Uamuzi unategemea alama za hatari (swali la 4), si idadi ya siku unazohisi moyo ukiruka. Watu wengi hupata vipindi vya AF bila kuhisi chochote.

3. Ni kweli dawa hizi zinayeyusha damu?

Hapana, ingawa mtaani tunaziita dawa za kuyeyusha au kulainisha damu. Damu inabaki na uzito wake uleule. Kinachobadilika ni kwamba inachelewa kuganda. Kwa hiyo ukijikata, damu itatoka kwa muda mrefu zaidi, lakini itakoma ukikandamiza.

## Kupima faida na madhara

4. Nitajuaje kama hatari yangu ya kiharusi ni kubwa?

Madaktari hutumia hesabu iitwayo CHA2DS2-VASc. Unaweza kuijumlisha mwenyewe kabla ya kwenda kliniki. Moyo kushindwa kusukuma damu, alama 1. Shinikizo la damu, 1, hata kama limedhibitiwa kwa dawa. Kisukari, 1. Umri wa miaka 65 hadi 74, 1. Miaka 75 na kuendelea, 2. Kuwahi kupata kiharusi, hata kile kidogo kilichopita ndani ya saa chache, 2. Mishipa iliyoziba ya moyo au miguu, 1. Mwanamke huongezewa 1, ingawa mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 umeiondoa alama hiyo ya jinsia, kwa hiyo usishangae madaktari wawili wakikupa jumla mbili tofauti.

Bila kuhesabu jinsia, alama 2 na zaidi maana yake dawa inashauriwa. Alama 1 ni ya kujadiliana. Sifuri, kwa kawaida huhitaji.

Angalizo moja lina uzito mkubwa hapa kwetu: hesabu hii haiwahusu wenye valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) ya mitrali, yaani ya upande wa kushoto, iliyobana kutokana na homa ya rumatiki, wala wenye valvu za chuma. Hao wanahitaji dawa hata kama ni kijana wa miaka 22 mwenye sifuri. Tazama swali la 9.

5. Na hatari ya kutokwa damu hupimwaje?

Kwa orodha ya mambo yanayoiongeza: shinikizo la damu la juu kupita 160, figo au ini lenye ugonjwa, kiharusi cha zamani, kuwahi kutokwa damu nyingi au kuwa na upungufu wa damu, INR (kipimo cha kuganda kwa damu, swali la 11) inayopanda na kushuka, umri kupita miaka 65, dawa za maumivu kama diklofenaki, aspirini, na pombe.

Orodha hii hutumiwa vibaya mara nyingi. Mgonjwa anafikisha alama 3 (alama 1 kwa kila jambo), anaambiwa "dawa ni hatari kwako", anarudishwa nyumbani bila kinga. Sivyo ilivyokusudiwa. Umri huwezi kuupunguza, lakini shinikizo linatibika, diklofenaki inaachika, gongo na wanzuki vinaachika, upungufu wa damu unatafutwa chanzo. Ichukue kama orodha ya matengenezo ya kufanya ili dawa itumike kwa usalama.

6. Basi kipi kizito zaidi, kiharusi au kutokwa damu?

Chukua watu 100 wenye AF na alama 4 ambao hawatumii dawa. Ndani ya mwaka mmoja, 4 au 5 kati yao watapata kiharusi. Kwa alama 6, idadi inakaribia 10. Dawa hizi hupunguza viharusi hivyo kwa takriban theluthi mbili. Kwa hiyo katika wale 100 wa alama 4, watatu hivi wanaokolewa kila mwaka, na hesabu hiyo inajirudia mwaka hadi mwaka.

Upande wa pili, katika utafiti mkubwa wa mwaka 2011 uliolinganisha apiksabani (moja ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda) na warfarini (dawa ya zamani), waliotokwa damu nyingi walikuwa takriban 2 kati ya 100 kwa mwaka kwa apiksabani na 3 kwa warfarini. Damu kuvuja ndani ya fuvu, ambayo ndiyo inayoogopesha zaidi, ilikuwa chini ya mtu 1 kati ya 100 kwa zote mbili, na kwa apiksabani ilikuwa chini ya nusu ya warfarini.

Ukitazama tarakimu peke yake, viharusi 3 vinavyozuiwa kwa watu 2 wanaotokwa damu, utaona kama zinakaribiana. Lakini matukio haya hayafanani. Damu nyingi inayotoka hutoka tumboni au puani; mgonjwa analazwa, anaongezewa damu, anarudi nyumbani akitembea. Kiharusi cha AF huwa kikubwa kuliko viharusi vingine kwa sababu bonge ni kubwa na linaziba mshipa mkubwa. Wengi hawarudi kazini, na binti mmoja wa nyumba huacha shughuli zake ili amgeuze mgonjwa kitandani. Isitoshe, damu inayotoka inaonekana na familia inailaumu dawa, ilhali kiharusi kilichozuiwa hakuna anayekiona. Ndiyo maana watu huogopa upande usiostahili kuogopwa zaidi.

7. Aspirini ni rahisi na ipo kila duka. Haitoshi?

Haitoshi. Aspirini hupunguza viharusi vya AF kwa takriban moja ya tano tu, na bado inatoa damu tumboni. Utafiti uliolinganisha apiksabani na aspirini ulikuta viharusi vimepungua kwa zaidi ya nusu upande wa apiksabani, huku kutokwa damu nyingi kukiwa karibu sawa. Mwenye AF anayemeza aspirini ndogo ya miligramu 75 akidhani amejikinga, amebeba madhara na kuacha sehemu kubwa ya faida. Kama ulipewa aspirini kwa sababu nyingine, mfano mshipa wa moyo ulioziba, uliza kama bado unaihitaji pamoja na dawa hii. Usiiache kimya kimya.

8. Bibi yetu ana miaka 82 na huanguka. Si bora aachwe?

Umri mkubwa unaongeza hatari zote mbili, lakini ya kiharusi inapanda kwa kasi zaidi. Hesabu moja maarufu ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba mzee angelazimika kuanguka takriban mara 295 kwa mwaka ndipo hatari ya damu kuvuja kwenye fuvu ingezidi faida ya dawa. Bibi hafiki huko.

Tafuteni kinachomwangusha: shinikizo linaloshuka akisimama ghafla, macho yenye mtoto wa jicho, choo cha nje kisicho na taa, dawa za usingizi. Ila akianguka na kugonga kichwa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo hata kama anaongea vizuri. Damu ya ndani ya fuvu kwa mzee inaweza kujionyesha baada ya siku kadhaa.

## Dawa ipi, na kwa kiasi gani

9. Warfarini au hizi dawa mpya?

Kwanza valvu. Ikiwa una valvu ya chuma, au valvu ya mitrali iliyobana kwa kiasi cha kati au zaidi kutokana na homa ya rumatiki, dawa yako ni warfarini. Hili si suala la bei. Dabigatrani ilipojaribiwa kwa wenye valvu za chuma, waliganda damu na kutokwa damu zaidi, utafiti ukasimamishwa. Mwaka 2022 utafiti uliohusisha wagonjwa wengi wa Afrika wenye ugonjwa wa rumatiki ulikuta waliotumia rivaroksabani wamefariki kwa wingi kuliko waliotumia dawa za jamii ya warfarini. Ugonjwa huu bado upo sana Tanzania, hasa kwa wanawake vijana. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kukubadilishia warfarini, uliza: "Je, nimepigwa picha ya ultrasaundi ya moyo, na valvu zangu zikoje?"

Kama valvu ziko sawa, dawa mpya (apiksabani, rivaroksabani, dabigatrani) kwa kawaida ndizo chaguo la kwanza. Hazihitaji INR, hazigombani na mboga, na hupunguza damu ya kwenye fuvu kwa takriban nusu ukilinganisha na warfarini. Kikwazo ni bei. Unapolinganisha, usiweke kidonge kwa kidonge. Kwa warfarini jumlisha gharama ya kipimo, nauli ya kutoka Kibakwe au Itigi hadi penye kipimo, na siku ya kazi iliyopotea. Uliza pia bima yako inalipia ipi kabla hujaondoka dirishani.

Hata hivyo warfarini inayosimamiwa vizuri ni dawa nzuri. Warfarini isiyopimwa ndiyo yenye hatari.

10. Daktari amenipa dozi ndogo "kwa usalama". Ni sawa?

Wakati mwingine ni sawa, wakati mwingine ni kosa. Nusu dozi isiyo na sababu inapunguza kinga bila kupunguza kutokwa damu kwa kiasi cha maana.

Apiksabani ni miligramu 5 mara mbili kwa siku. Hushushwa hadi 2.5 mara mbili iwapo yametimia mawili kati ya haya matatu: miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 au chini, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) ya mikromoli 133 kwa lita au zaidi. Moja pekee halitoshi, na hapa watu wa kilo 55 ni wengi.

Rivaroksabani ni miligramu 20 mara moja kwa siku, au 15 ikiwa kasi ya figo kuchuja iko kati ya 15 na 49. Kasi hiyo hupatikana hivi: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, zidisha kwa 1.04 kwa mwanamke au 1.23 kwa mwanamume, gawanya kwa kreatinini. Mama wa miaka 72, kilo 52, kreatinini 110: 68 × 52 × 1.04 ÷ 110 inatoa 33. Kreatinini yake haitishi ukiitazama kwenye karatasi, lakini figo zake zinafanya kazi chini ya nusu ya kawaida. Huyu anapaswa kupewa rivaroksabani 15, si 20. Akipewa apiksabani, anabaki kwenye 5 mara mbili, kwa sababu ana kigezo kimoja tu cha uzito.

Rivaroksabani imezwe na chakula kamili. Ukiimeza kwa chai kavu, sehemu kubwa haiingii mwilini. Dabigatrani isifunguliwe kapsuli wala kuhamishiwa chupa nyingine. Nayo inategemea figo kuliko zote.

## Ukiwa kwenye warfarini

11. INR ni nini, na nipime kila baada ya muda gani?

Ni kipimo kinachoonyesha damu yako inachelewa kuganda kiasi gani. Asiyetumia dawa ana karibu 1. Kwa AF tunataka kati ya 2 na 3. Valvu ya chuma ya mitrali huhitaji 2.5 hadi 3.5. Chini ya 2 kinga ni dhaifu, juu ya 4 hatari ya damu inapanda haraka.

Dawa inachukua takriban siku 5 kufanya kazi kamili. Mwanzoni hupimwa kila baada ya siku chache, kisha kila wiki, na ikitulia kila wiki 4 hivi. INR ikitoka kidogo nje ya mstari, dozi hurekebishwa kwa jumla ya wiki. Anayemeza 5 kila siku ana 35 kwa wiki. Kupunguza nusu kidonge kwa siku mbili kunamfikisha 30. Kukata dozi nzima kwa sababu ya INR ya 3.3 ndiko kunakoleta panda-shuka isiyoisha.

Soma miligramu kwenye pakiti kila unaponunua, usiamini rangi. Kidonge cha waridi cha mtengenezaji mmoja ni miligramu 1, cha mwingine ni 5.

12. Niache mlenda na mboga za majani?

Usiache. Warfarini inafanya kazi kwa kuzuia vitamini K, na majani ya kijani (mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, ya kunde, mlenda) yana vitamini hiyo. Kinachovuruga INR ni kubadilika kwa kiasi, si mboga yenyewe.

Kwa Dodoma shida iko kwenye msimu. Mvua zetu ni za mara moja, Desemba hadi Aprili, na wakati huo sahani hujaa mboga mbichi, INR inashuka. Kiangazi mboga zinapungua, inapanda. Kula mboga kiasi kinachofanana kila wiki mwaka mzima, ukitumia mlenda na mboga zilizokaushwa pale mbichi zinapoadimika, na upime INR mwanzoni mwa kila msimu. Unga wa mlonge unaouzwa kama lishe una majani mengi kwenye kijiko kimoja; usiuanze bila kusema kliniki. Zabibu zetu hazina shida. Mvinyo wake una shida ukinywewa kwa wingi.

13. Dawa zipi za dukani zina hatari?

Diklofenaki na ibuprofeni ndizo zinazopeleka watu wengi hospitali, na kwa dawa mpya pia. Zinachubua tumbo huku damu haigandi haraka. Kwa mgongo au magoti tumia parasetamoli, isizidi gramu 4 kwa siku, na chini ya hapo kama utaitumia siku nyingi.

Kwa warfarini, Flagyl, Septrin na flukonazoli hupandisha INR kwa nguvu. Ukizihitaji, pima INR ndani ya siku 3 hadi 5. Malaria au homa yoyote inayokuzuia kula huipandisha pia, hata bila dawa. Sema mwanzoni kabisa, kabla muuza duka hajainuka kwenda kabatini: "Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda."

14. Nimesahau dozi. Nifanyeje?

Warfarini: ukikumbuka siku hiyohiyo, meza, ukikumbuka kesho yake, endelea na ya kesho na uandike kwenye kadi. Dawa ya mara mbili kwa siku: meza kama hazijapita saa 6. Ya mara moja: kama hazijapita saa 12. Usimeze mbili kwa mpigo kufidia.

15. Ninafunga Ramadhani. Dawa ya mara mbili itawezekana?

Inawezekana. Mchana wa Dodoma una takriban saa 12 mwaka mzima, hivyo apiksabani kwenye daku na futari inakaa vizuri. Rivaroksabani iende na futari yenye chakula cha kutosha. Kunywa maji ya kutosha usiku, hasa kama figo zako ni dhaifu.

## Damu ikitoka

16. Lini nikimbilie hospitali?

Kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kizunguzungu na kupauka, tumbo au mguu kuvimba baada ya kuumia. Nenda na pakiti ya dawa, na ujue saa uliyomeza mara ya mwisho. Kwa dawa mpya saa hiyo ndiyo inayoelekeza matibabu. Kwa warfarini kuna vitamini K ya kugeuza kazi yake.

Damu ya pua: kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 15 bila kuachia kuchungulia. Isipokoma, nenda.

Mdomo ukipinda, mkono ukalegea au maneno yakagoma, ni kiharusi hata kama unatumia dawa. Msimpe aspirini nyumbani. Inaweza kuwa ni damu inayovuja, na bila picha ya CT hakuna anayeweza kutofautisha.

17. Niliwahi kutapika damu kwa vidonda vya tumbo. Nimefungiwa mlango?

La. Kidonda kitibiwe, bakteria wa tumbo wapimwe na kuuawa, diklofenaki iachwe, omeprazoli iongezwe, kisha dawa irudishwe. Kuiacha moja kwa moja ni kubadilishana tatizo linalotibika na lisilotibika (swali la 6).

## Hali za pekee

18. Nang'olewa jino, au nafanyiwa upasuaji.

Jino moja hung'olewa bila kuacha warfarini kama INR iko chini ya 4, kwa kushonwa na kubanwa vizuri. Kwa dawa mpya mara nyingi hurukwa dozi ya asubuhi tu. Upasuaji mkubwa huhitaji kuacha warfarini siku 5 kabla. Wengi wenye AF bila valvu ya chuma hawahitaji sindano za heparini (dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda) katikati.

19. Chale, kuumikwa, sindano ya msuli?

Chale na kuumikwa viepuke. Sindano za msuli hutoa uvimbe wa damu kwenye tako, na ile ya diklofenaki ina ubaya mara mbili. Omba vidonge au ya mshipa. Chanjo zinaruhusiwa kwa sindano nyembamba, kisha kandamiza dakika kadhaa bila kusugua.

20. Nataka kupata mimba.

Zungumza na kliniki kabla. Warfarini inaweza kumlemaza mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na dawa mpya hazitumiki katika ujauzito. Kuna sindano za heparini, lakini mwenye valvu ya chuma anahitaji mpango wake maalumu. Ukiona siku zimepita, pima mimba mara moja, na usiache dawa peke yako. Kunyonyesha ukiwa kwenye warfarini kunaruhusiwa.

21. Nimeanzishiwa dawa za kifua kikuu.

Rifampisini huivunja warfarini mwilini, na dozi inaweza kuhitaji kupandishwa mara mbili au zaidi. Dawa mpya nazo hushuka nguvu na kwa kawaida hazitumiki pamoja nayo. Hatari inayosahaulika ni ya mwisho: ukimaliza dozi ya miezi 6, mwili unaacha kuivunja warfarini taratibu, na dozi ile kubwa inapandisha INR juu sana. Pima kila wiki kwa wiki kadhaa baada ya kumaliza.

22. Dawa zimeisha na mshahara bado.

Kinga ya dawa mpya huondoka ndani ya siku moja tu. Ya warfarini hufifia kwa siku kadhaa. Usigawanye vidonge vya mara mbili kuwa mara moja ili vifike mwisho wa mwezi. Rudi kliniki uombe kubadilishiwa dawa unayoimudu. Kutoka warfarini, apiksabani huanza INR ikiwa chini ya 2 na rivaroksabani ikiwa chini ya 3. Kurudi kwenye warfarini kunahitaji siku kadhaa za kutumia zote mbili kwa usimamizi, kwa hiyo nenda ukiwa bado na vidonge vya angalau wiki moja mkononi.